Shemeji na Mlinzi wa Mlango wa Mwisho

Nilisubiri miaka minne sehemu ya sita ya gemu la Bila Nyayo itoke. Mtu akisubiri kitu miaka minne, ana haki ya kukicheza kwa amani. Mimi haki hiyo sikuipata, kwa sababu ninaishi kwa dada yangu, na dada yangu ameolewa na mlinzi.

Ngoja niwaelezee kwanza huyu shemeji, la sivyo mtadhani namsingizia. Ana miaka hamsini na mitatu, na miaka ishirini na miwili kati ya hiyo ameimaliza kwenye kiwanda cha magodoro, zamu ya asubuhi, saa kumi na mbili mpaka saa nane mchana. Mtaani wanamwita Dakika. Saa nne kamili anatoka kibandani. Saa nne na dakika kumi yuko ghala la kwanza. Saa nne na ishirini yuko ghala la pili, anatikisa kufuli mara mbili, anakohoa, anarudi. Wafanyakazi wa kiwandani hawana haja ya kutazama saa. Wakisikia kikohozi wanajua chai inakuja. Hata nyumbani anaoga kwa ratiba. Dada amezoea. Mimi bado.

Kazi yangu ni unyozi. Mchana wateja wako makazini, kwa hiyo saa nane na nusu nafunga saluni, narudi nyumbani, nashika pedi ya gemu na kucheza mpaka saa kumi. Na saa nane na dakika arobaini, si thelathini na tisa, shemeji anaingia, anavua buti, anakaa kwenye kochi pembeni yangu akiwa bado na sare. Shida yote ilianzia kwenye kochi hilo.

Kwa asiyelijua gemu lenyewe: wewe ni jambazi mwenye roho nzuri. Unapanda kuta, unaruka mapaa, unaingia kwenye majumba ya wakubwa kuchukua vitu walivyowadhulumu watu. Kila jumba lina walinzi. Unamnyatia mlinzi kwa nyuma, unabonyeza kifungo, puh, yuko chini. Utamu wote uko hapo.

Siku ya kwanza nilimwangusha mlinzi wa getini, shemeji akashika kichwa kwa mikono miwili.

"We! Amekukosea nini huyo?"

"Shemeji, ni mlinzi."

"Naona ni mlinzi! Nakuuliza amekukosea nini. Mtu yuko kazini."

"Hataki nipite."

"Kwani umemwomba? Umesaini kitabu cha wageni?"

Kuanzia hapo sikupumua. Kila nikiangusha mtu, shemeji anaiambia televisheni, "Pole, ndugu yangu." Akaanza na ukaguzi. Huyu mbona hawajampa hata kiti? Yule tochi yake iko wapi? Hizo ni buti gani, si zitamtia fangasi? Siku moja nilijificha ndani ya tenga la nguo chafu, mlinzi akapita karibu kabisa asinione. Shemeji alisimama wima akapiga kelele, "Geuka! Kwenye tenga! Fungua tenga, bwana!" Dada akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi, akidhani tumeingiliwa na mwizi.

Nilicheka siku hiyo. Sikujua kwamba mwenzangu ana lake moyoni.

Dada ndiye aliyeniambia, tena kwa kunong'ona, na dada yangu akinong'ona ujue mambo yameharibika, maana kwa kawaida huongea mpaka jirani wa nyumba ya tatu anaitikia. Kiwandani kulikuwa na mkuu mpya wa ulinzi. Aliwakusanya walinzi wote akawaambia kuwa siku yoyote ndani ya mwezi huo atamtuma mtu ajaribu kuingia ghalani. Mtu huyo akipita kwenye zamu yako, unavua sare, unakwenda nyumbani. Walinzi vijana walichukulia mzaha. Shemeji hakuweza. Kwa umri ule, ni nani angempa geti lingine?

Mbele yetu lakini alijikaza. "Hapiti mtu kwangu," alisema siku hiyo hiyo akila. "Miaka ishirini na miwili sijachelewa mzunguko hata mmoja. Hata mmoja!"

Sasa, Jumatano nilikuwa nimefika mlango wa mwisho wa gemu. Nyuma ya mlango ule ndiko kuna mwisho wa hadithi niliyoianza nikiwa bado sina ndevu. Mbele yake anasimama mlinzi mmoja mrefu, mwenye masharubu na mkuki. Akikuona tu, umekwisha. Alikuwa ameshaniua mara saba. Nikasema huyu hataki nguvu, anataka akili. Nikatwaa karatasi na kalamu.

"Unaandika nini?" shemeji akauliza.

"Ratiba yake. Hebu mwangalie. Anakwenda hatua kumi na nne. Anatikisa kufuli, moja, mbili. Anageukia kushoto, anarudi. Umeona? Sasa tazama tena. Kumi na nne. Moja, mbili. Kushoto."

"Kila mara?"

"Kila mara! Hawa ndio rahisi kuliko wote, shemeji. Wale wanaozurura ovyo bila mpango ndio wananitoa jasho, hujui atatokea wapi. Lakini wa namna hii, ukishamshika mwendo wake, unampita huku unapiga miayo."

Nilisema hayo macho yangu yakiwa kwenye televisheni. Ningemtazama usoni ningenyamaza mapema.

"Usimpige," alisema. "Leo mwache."

Sauti yake haikuwa ya utani. Nikasimamisha gemu. Alikuwa amekaa mikono magotini, anamwangalia yule mlinzi aliyegandishwa mkono ukiwa kwenye kufuli.

"Huyo ni mimi," akasema.

Nikaweka pedi chini. Niliona aibu kubwa. Mtu nimeishi naye miaka sita, nakula mezani kwake, na ndio kwanza nilikuwa nimemwita mlinzi rahisi kuliko wote. Jioni hiyo muda wake wa kuoga ukapita, na hakuoga.

Asubuhi ya Alhamisi aliondoka akaiacha saa yake ya mkononi juu ya meza. Dada alipoiona alitaka kuita daktari.

Yaliyofuata ametusimulia mwenyewe, na mpishi wa kiwandani akathibitisha kwa hasira. Shemeji alitoka kibandani saa tatu na kitu, hajui na ngapi. Akaanza na ghala la pili. Akarudi nusu ya njia, akageuka, akaenda tena. Akasimama nyuma ya mlango muda mrefu bila sababu yoyote. Akatembea kinyumenyume kutoka ghala moja hadi jingine mpaka dereva wa lori akamuuliza kama anaumwa mgongo. Wala hakukohoa, na kwa kuwa hakukohoa, wafanyakazi hawakuja kunywa chai, ikapoa sufuria nzima, na mpishi akaapa kumshitaki.

Mpaka saa tano miguu ilikuwa inawaka moto. Kuzurura bila mpango ni kazi ngumu kwa asiyezoea. Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka yote ile: alikaa kitako katikati ya mzunguko. Ndani ya ghala la pili kulikuwa na magodoro yaliyorudishwa na wateja, yameshushwa na lori asubuhi ile. Akachagua moja lililolala peke yake, akajitupa juu yake na kilo zake tisini na nne.

Godoro likasema, "Uwiii!"

Shemeji hakuinuka. Alitoa filimbi mfukoni akaipuliza palepale alipokaa, mpaka kiwanda kizima kikaja. Walipofungua zipu ya godoro hakukuwa na sponji, kulikuwa na jamaa amejikunja, jasho linamtiririka, daftari limebanwa kwapani. Ndiye aliyetumwa na mkuu wa ulinzi, na alikuwa amemfuatilia shemeji wiki nzima kutoka ng'ambo ya barabara na kuandika kila kitu. Ukurasa wa mwisho ulisema: saa nne na ishirini, kufuli mara mbili, kikohozi, anarudi. Chini yake: nikisikia kikohozi, natoka.

"Mzee, nimekaa humu toka saa tatu nasubiri ukohoe," jamaa akalalamika huku anashika mbavu. "Leo umekuwaje?"

Mkuu wa ulinzi alimpa shemeji mkono mbele ya watu wote. Dada aliposikia alilia, akacheka, na jirani wa nyumba ya tatu akaitikia.

Siku hiyo shemeji alifika nyumbani saa ambayo hakuna aliyeitazama. Akavua buti, akakaa kochini, akaninyooshea mkono.

"Lete pedi."

Hakuwahi kuishika hata siku moja. Nikadhani ni shukrani, anataka kunimalizia yule wa masharubu. Nikamwelekeza taratibu: hiki cha kutembea, hiki cha kupiga, hiki cha mluzi, usikiguse, kitamshtua. Akaenda polepole, ulimi nje, mpaka jambazi wetu akasimama nyuma ya mlinzi kabisa. Mlinzi akatikisa kufuli. Moja. Mbili.

"Sasa, shemeji! Mpige!"

Shemeji akabonyeza mluzi.

Mlinzi akageuka, safari hii kulia, akatuona, akatuchoma mkuki wa kifua. Mara ya nane. Televisheni ikawa nyekundu yote, na mwisho wa hadithi yangu ukabaki nyuma ya mlango.

Shemeji akaweka pedi mezani, karibu na saa yake, akaiinamia televisheni.

"Safi sana, ndugu yangu," akamwambia yule mlinzi. "Na kesho usianzie hapo."