Karani Aliyeziba Pua Shumba

Wallahi leo nimesonya mpaka mdomo unaniuma!

Kaja karani wa serikali hapa Shumba kuandika nani anatengeneza nini, eti wajue Pemba ina kazi gani zaidi ya karafuu.

Katukuta pwani, mie na Bi Time, tunafukua makumbi ya nazi tuliyoyafukia topeni miezi kadhaa yaoze. Tukiyaponda ndiyo tunapata usumba wa kusokotea kamba.

Yananuka, ndiyo. Kwani kamba inaota mtini?

Karani kaziba pua kwa leso.
"Wanaume wa hapa wanatengeneza nini?"
"Wamekwenda shamba. Kamba tunasokota sisi."
Kaandika huku anajisomea: "Shumba, hakitengenezwi kitu."

Mbele yetu! Kinyaa kilichonishika si cha makumbi.

Kugeuza baiskeli yake tu, kamba iliyofungia kasha lake la makaratasi nyuma ikakatika. Kasha chubwi, ndani ya tope la makumbi!

"Mama zangu, nipatieni kamba."

Bi Time akajipangusa mikono taratibu. "Tungekupa, mwanangu. Lakini hapa hakitengenezwi kitu."

Nyie mngempa?

Saa hii yumo njiani kurudi Chake. Mkono mmoja unakokota baiskeli, mwingine umeshika kasha kichwani, linachuruzika.

Pua haina wa kuiziba.