Dirisha la Fundi Futikamba

Fundi Futikamba alikuwa seremala. Jina hilo alipewa kwa ile futi ya kamba iliyoning'inia shingoni mwake mchana kutwa, na majirani wanaapa hata bafuni aliingia nayo. Maishani mwake hakuwahi kukubali kwamba amekosea kipimo. Mlango ukikataa kufunga, alilaumu nyumba. Kabati likiyumba, alisema dunia ndiyo imekaa upande.

Tangu walipooana alikuwa amemwahidi mkewe safari ya kufuata ile barabara ndefu ya pwani, polepole, mama amejilaza kitandani kama malkia, anatazama bahari dirishani. Ahadi ikaota mvi pamoja na aliyeitoa. Siku moja mkewe akafunga nguo zake kwenye furushi.

"Baba watoto, barabara ile inaishia kwa dada yangu, na dada amenitengea chumba. Nipeleke. Nikiiona bahari kutoka kitandani kabla ya geti lake, narudi na wewe. Nisipoiona, nashuka na furushi langu, wewe ubaki ukipikiwa na randa."

Fundi akavunja kibubu chake. Akanunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate, akajifungia nalo kwenye karakana. Akapiga kitanda, makabati na meza ya jiko. Kiti cha abiria akaking'oa, akaweka pipa la maji. Kati ya dereva na kitanda akasimamisha ukuta wa mbao, wenye tundu la kupitishia kikombe cha chai. Kioo alikuwa nacho kimoja tu, kwa hiyo na dirisha likawa moja. Akalikata upande lilikosimama tangi la maji la karakana, maana kila alipofumba macho kuiwazia bahari, maji aliyaona upande ule.

Wakang'oa nanga asubuhi. Wakapanda kilima, wakashuka, na bahari hiyo ikajimwaga mbele yao, inameta mpaka inaudhi. Ilikuwa kushoto. Dirisha lilikuwa kulia.

"Mama watoto, waonaje huko?"

"Naona mwamba," sauti ikatoka tunduni.

"Subiri kona."

Kona ikapita.

"Sasa naona mbuzi. Ananitazama kama mtu anayetoa pole."

"Kona inayofuata!"

"Mwamba tena. Fundi, hiyo bahari yako iko wapi?"

"Iko njiani, inakuja!"

"Na geti la dada nalo liko njiani, linakuja."

Jasho likamtiririka. Akapunguza mwendo hadi kobe akalipita gari, kisha akageuka kuangalia kama kuna msiba. Lilikuwepo neno moja tu la kusema, "nimekosea", nalo lilipanda mpaka kwenye meno, likakuta mlango umefungwa, likarudi. Basi barabara ilipopanuka, fundi akaligeuza gari likatazama lilikotoka, akatia gia ya nyuma, akaipinda shingo, akaendelea na safari kinyumenyume.

Bahari ikaingia dirishani. Kisha:

"Ohoo! Kumbe ni kubwa hivi! Baba we, polepole basi, usinipitishe mawimbi sijayamaliza!"

Mbele kidogo trafiki akawasimamisha.

"Mzee, unakwenda au unarudi?"

"Nakwenda, afande. Gari ndilo linarudi."

"Na umebeba nini?"

"Ndoa."

Trafiki akavua kofia, akapanda pikipiki yake, akawasafishia njia, naye kinyumenyume, kwa heshima. Anayesema pikipiki haina gia ya nyuma hamjui trafiki yule.

Getini dada mtu alikuwa anafagia. Akaona gari linamjia kwa mgongo.

"Shemeji! Watu hufika kwa uso, wewe unaniletea makalio?"

Fundi hakuweza hata kumgeukia. Shingo ilikuwa imekwama, inatazama nyuma. Kwa pembe ya jicho akamwona mkewe anashuka, furushi mkononi.

Mama akalifungua furushi, akatoa shuka, akalipasha moto jikoni, akamzungushia fundi shingoni. Shingo ikatoa mlio kama bawaba kavu, ikarudi mahali pake.

"Dada," akasema, "chumba kile weka kuku. Sisi tunarudi." Akalitazama gari juu hadi chini. "Na tazama, kama lilivyosimama hivi, pua iko nyumbani na dirisha liko baharini."

Fundi akakohoa, akainyoosha futi yake.

"Ndivyo nilivyopima. Dirisha lile ni la kurudi. Nilijua utarudi na mimi."

Mkewe akalikaza lile shuka mpaka ulimi ukamtoka.

"Na uongo huo, fundi, umeupima kwa futi gani?"

Akapanda, akajilaza, akagonga ule ukuta wa mbao.

"Haya, twende. Polepole. Na yule mbuzi ukimwona, msalimie wewe. Mimi upande wake sina dirisha."