Nyundo na Karatasi za Mzee wa Uyoga

Kazini walimwita Nyundo, na jina hilo hakulipata kwa kugonga misumari. Mwanamke yule alikuwa na mkono mwepesi, jamani! Muuza mkaa aliyempunja alikula kichwa, akajikuta amekaa juu ya mkaa wake. Mpangaji mwenzake aliyemwaga maji machafu mlangoni kwake kwa makusudi alizabwa kofi, nyumba nzima ikatoka kuuliza kumetokea nini. Hata mumewe, ambaye naye hakuwa malaika maana mara nyingi ndiye aliyeanza, alijua kwamba ukimpiga Nyundo moja unarudishiwa tatu, tena zilizonona.

Watu walicheka. Mwenyewe pia alicheka, mpaka siku ya pasi. Mume alimvuta nywele, yeye akanyakua pasi ya moto mezani akaivurumisha kwa nguvu zake zote. Mume akainama. Nyuma yake alikuwa amesimama binti yao, amekuja kuwaomba waache. Pasi ilimvunja mtoto mfupa wa bega ikamuunguza na shingo. Wala hakulia. Alikaa tu chini, akamtazama mama yake.

Mume aliondoka moja kwa moja, na hakuna aliyemlilia. Kumkosa mtoto ndiko kulikouma. Alichukuliwa na dada mkubwa wa Nyundo, mwalimu wa chekechea, mpole wa kupindukia, mtu ambaye hata kuku akiingia ndani humwambia atoke kwa adabu.

"Mdogo wangu, nakupenda," dada alimwambia mlangoni, "lakini mkono huo siutaki karibu na mtoto. Kaa mwaka mzima bila kumgusa mtu. Mwaka ukiisha nitakuja mwenyewe kazini kwako, nitauliza. Nikisikia umempiga mtu hata kofi moja, sahau. Mtoto ni wangu."

"Na mtu akinianza?"

"Hata akikuanza."

Basi Nyundo akajikaza kisabuni. Bahati yake, kazi ilikuwa chini kabisa ya jumba la nyaraka, mahali ambapo wa kugombana naye ni maboksi tu. Kila mzigo wa karatasi uliopokelewa ulipitia kwake kwanza. Alitandaza karatasi moja moja kwenye meza nyeupe, akazipiga brashi laini upande huu na upande ule, kisha ndipo ziende rafuni. Amri ya mle ndani ilikuwa moja, na ilibandikwa ukutani kwa herufi kubwa: ukungu usipite mlango huu. Doa dogo tu la ukungu likiingia na karatasi moja, litakula rafu nzima. Nyundo, aliyekatazwa kupiga watu, ukungu aliupiga vita kwa roho yake yote.

Ndipo yakaletwa maboksi ya Profesa. Huyu alikuwa mzee mkavu, mkongojo mkononi, miwani mizito, ambaye tangu ujana wake hakushughulika na kingine ila kuvu: uyoga wa msituni, ule wa kwenye magogo yaliyooza, hata ule mweupe unaoota kwenye viatu vilivyosahaulika kabatini. Alikuwa ameamua kukabidhi karatasi zake zote ili zihifadhiwe. Ndani ya maboksi mlikuwa na michoro ya rangi mizuri ajabu, bahasha za uyoga uliokaushwa, na majalada mazima ya karatasi ambazo hazikuwa na maandishi zaidi ya jina moja pembeni. Katikati ya kila moja palikuwa na duara la unga mwembamba, mara wa kahawia, mara mweusi, mara wa rangi ya waridi.

"Lo! Karatasi za mtu wa kuvu zimeingia kuvu," Nyundo alisema, akacheka peke yake. Akashika brashi. Akasafisha jalada baada ya jalada, akapuliza hata kwenye pembe, mpaka zikang'aa. Aliionea fahari kazi ile.

Hakuna aliyemwambia kwamba unga ule ndio uliokuwa mali. Profesa alikuwa anakata kofia ya uyoga, anailaza kifudifudi juu ya karatasi, anaifunika kwa bakuli. Uyoga unamwaga mbegu zake, laini kuliko vumbi, na kujichora wenyewe, mstari kwa mstari. Karatasi nyingi zilitoka kwenye msitu ambao siku hizi ni viwanja na barabara. Uyoga ule haupo tena popote.

Siku ambayo dada alisema atakuja, asubuhi yake Profesa naye alikuja kuona jinsi karatasi zake zilivyowekwa. Nyundo alikuwa amevaa gauni lake zuri kwa ajili ya dada. Akamwekea mzee jalada mezani. Mzee akafungua. Nyeupe. Akafungua la pili. Nyeupe. La tatu alilifungua akaliinamia mpaka miwani ikagusa karatasi.

"Ziko wapi?"

"Zipo zote, Profesa. Zilikuwa na ukungu, nimezisafisha mwenyewe."

Mzee alimtazama. Kisha mkongojo ukapanda. Pigo la kwanza lilimpata chini ya jicho, na Nyundo akaona nyota mchana kweupe. La pili lilimpasua sikio. Ngumi yake ikajifunga yenyewe, mzee yuko mbele yake, shingo nyembamba, wa kumaliza kwa pigo moja tu! Damu ilimchemka mpaka akasikia kichwa kinavuma. Akilini akamwona binti yake. Akaisokomeza mikono kwapani akaibana huko.

"Umeniua!" mzee alipiga kelele. "Mwanamke mpumbavu, umeniua nikiwa hai!" Akageukia boksi la michoro akaanza kuichana, yake mwenyewe, kwa kucha. Hapo Nyundo hakuvumilia. Alijitupa juu ya boksi akalifunika kwa kifua. Mkongojo ukashuka mgongoni, mabegani, kisogoni, damu ikamwingia machoni, na alipiga yowe kama mtu yeyote anayeumizwa, kwa sababu aliumia sana. Mikono hakuitoa kwapani.

Mlinzi wa mlangoni alikuwa anashuka ngazi akimwonyesha dada njia. Waliposikia yowe wakakimbia. Dada akafika kwanza. Alimwona mdogo wake, gauni limelowa damu, na mzee amesimama juu yake anahema.

"Mwacheni afe!" mzee alisema. "Mtu kama huyu hakustahili hata kuzaliwa!"

Dada alikwenda moja kwa moja, akamzaba kofi. Miwani ikaruka. Akamzaba la pili, mzee akaangukia kiti, pua inachuruzika, na dada akampandishia ngumi. Mlinzi alibaki mdomo wazi. Aliyeudaka mkono ule ni Nyundo, kwa mkono mmoja alioutoa kwapani, kutoka pale pale alipolala.

"Dada, basi. Basi, dada. Basi."

Mlinzi akazinduka, akamtoa mzee nje. Alikuwa analia kwa sauti, anataja msitu wake ambao haupo, na kusema kweli alitia huruma.

Dada alikaa sakafuni. Aliutazama mkono wake, kiganja chekundu.

"Hata sikufikiri," alisema. "Nilimwona tu, halafu mkono ukawa umeshafika."

"Najua."

"Ndivyo inavyokuwa?"

"Ndivyo hivyo, dada. Unafika kabla yako."

"Na wewe wa kwako ulikuwa wapi muda wote huo?"

Nyundo akamwonyesha. Vidole vya mkono wa pili vilikuwa bado vimeng'ang'ania kwapani, vimechana gauni. Dada akaangua kilio. Alivua kitambaa cha kichwa akamkandamizia sikio, akilia, akimwambia tulia, tulia.

"Kesho njoo umchukue mwanao," alisema baadaye.

"Naogopa, dada."

"Hata mimi naogopa sasa." Akauficha mkono wake chini ya paja, akaukalia. "Njoo hivyo hivyo."