Nilifunga turbo kwenye lori la Ami bila ya kumwambia, mlima wa Kidichi ukanisuta

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa bara na wa visiwani.

Haya ninayoandika yamenikuta mimi mwenyewe, sijahadithiwa. Atakayetaka ushahidi aseme, turbo yenyewe iliyokufa ninayo nyumbani. Mke wangu ameigeuza kizuizi cha mlango wa jikoni.

Mimi ni dereva wa lori hapa Unguja. Lori dogo la tani tatu na nusu, dizeli, injini ya zamani ambayo haikuzaliwa na turbo. Si langu. Ni la Ami, mdogo wake marehemu baba, aliyeliendesha miaka mingi mpaka mtoto wa jicho alipomfunga macho yote mawili. Hapo ndipo akanikabidhi ufunguo. Lori hilo linalisha nyumba mbili, yake na yangu.

Alinipa sharti moja tu. "Pakia utakacho, wende utakako. Injini usiifungue bila ya mie kujua."

Nikasema naam, Ami. Ikumbukeni hiyo naam.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kupeleka matofali na mchanga kwenye ujenzi mmoja Kidichi. Kwa wasiojua, Unguja ni tambarare, lakini ukitoka Bububu kupandia Kidichi kuna mlima. Nyie wa Mbeya mtaucheka mkiuona. Lori letu lilikuwa halicheki. Gia ya pili, kisha ya kwanza, moshi mweusi nyuma, na mimi nimeuinamia usukani utadhani nasukuma.

Siku moja gari la ng'ombe likanipita.

Wallahi nawaambia. Bwana mwenye ng'ombe akanitazama kwa huruma akaniuliza, "Sheikh, nkufunge kamba nkuvute?"

Nilicheka, lakini neno liliniingia. Msimamizi wa ujenzi alikuwa ameshaanza kulalamika. Mafundi wake wanasimama na makoleo wakinisubiri, na zege halilali. Akaniambia wazi kuwa nikichelewa tena anatafuta lori jingine. Kazi ile ikiondoka, zile nyumba mbili zitakula nini?

Hapo ndipo udadisi ulipoanza kunipeleka.

Wiki ileile nikapeleka saruji Uroa, kwenye nyumba moja ya ufukweni. Nje imeegeshwa muscle car ya Kimarekani, gari la kishindo la silinda nane, V8, boneti limekatwa tundu na ndani yake kimechomoza kidude kikubwa cha chuma. Mwenyewe ni mtu wa hapa hapa aliyekulia Dubai. Akaiwasha. Injini inaguruma kwa chini, na juu yake kuna sauti nyingine nyembamba, kama nyuki waliochokozwa. Nikasahau kabisa kuwa nina mzigo wa kushusha.

Nikamuuliza kile ni nini. Akafurahi kuulizwa, akaniita karibu.

Akanieleza kuwa ni supercharger. Mkanda unatoka kwenye injini, unaizungusha, nayo inashindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi unaweza kuunguza mafuta mengi, na nguvu inapanda. Turbo nayo kazi yake ni hiyohiyo, ila haina mkanda. Inazungushwa na moshi unaotoka kwenye ekzosi.

Wakuu, moshi! Moshi ule ule ninaowapulizia watu wa Bububu kila siku, kumbe ulikuwa unaweza kuajiriwa.

Sijui nyinyi, lakini mimi kitu cha namna hiyo kikishaingia kichwani hakitoki mpaka nikione kwa macho. Njia nzima ya kurudi mjini nilikuwa naongea peke yangu.

Nikaenda kwa Fundi Makame, Mtumbatu mwenye gereji Mwanakwerekwe. Huyu alitengeneza injini za boti miaka mingi kabla ya kuhamia kwenye magari. Nikamwambia nataka supercharger. Akacheka mpaka akaweka spana chini.

"Weye una njaa, halafu wataka uchukue mkate wa injini umpe feni? Ile yala nguvu kwanza ndo ikurejeshee. Lori lako halina cha kugawa. Tia turbo, yenyewe yala makombo."

Nikaielewa palepale. Hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha kitu kwa maneno machache kama yale.

Makame akapata turbo iliyotumika, ya injini ya jamii moja na yetu. Akaniambia atafunga kwa boost ndogo tu, yaani msukumo mdogo wa hewa, maana injini ambayo haikutengenezwa kwa turbo ukiizidishia hewa unaipasua. Akabadilisha manifold ya ekzosi, lile bomba linalokusanya moshi, akavuta bomba la oili, akaongeza dizeli kiduchu.

Kabla hajaanza aliniuliza, "Ami wako ajua?"

Nikasema anajua.

Huo ulikuwa uongo, na nauandika kama ulivyo. Ami alikuwa Maskati kwa binti yake, amekwenda kufanyiwa upasuaji wa macho. Nikajiambia nitamwambia akirudi, atakapokuwa anayaona matokeo.

Siku ya kunikabidhi lori Makame alinishika mkono. "Ukishatoka kuivuta kwa nguvu, usiizime papo hapo. Iwache ingurume dakika mbili tatu. Turbo ishakuwa moto, na oili ndo yaipoza. Ukizima, oili yasimama, yaungulia mle mle."

Nikasema naam. Naam ya pili hiyo.

Safari ya kwanza nilipanda Kidichi kwa gia ya tatu, mzigo kamili, turbo inapiga mluzi. Nikampita bwana wa ng'ombe nikampigia honi. Akainua fimbo juu kama anayesalimu mfalme. Msimamizi alitazama saa yake, akanitazama mimi, akawaita mafundi wake waje kushusha.

Nilifurahi, wakuu. Nilikuwa nazima redio ili nisikie ule mluzi.

Sasa sikilizeni kosa langu. Mlima unapomalizika kuna msikiti kando ya barabara, na safari yangu ya pili ya kila siku ilikuwa inafika pale Alasiri, watu wanakaribia kukimu sala. Dakika mbili za Makame nazijua. Lakini nani atalisimamisha lori la dizeli linanguruma chini ya dirisha la msikiti, watu wamo ndani wanajipanga safu? Nikawa nazima hapohapo, natia udhu, naingia. Kila siku. Kwingine kote nilifuata maagizo, pale tu ndipo nilipokuwa najisamehe. Nilijiambia Mungu anaiona nia. Mungu anaiona kweli, turbo haiioni.

Wiki ya sita hivi, niko katikati ya mlima, mguu uko chini kabisa, nikakutana na jeneza.

Kwetu maiti akipita, dereva anasimama, anazima gari, anashuka. Ukiweza unatia bega hatua chache, kisha unampisha mwingine. Hakuna anayekulazimisha, lakini hakuna anayebaki kwenye kiti. Nikazima. Nikashuka, nikatia bega. Marehemu sikumjua. Nikamwombea, nikarudi kwenye lori.

Nikawasha.

Ukatoka moshi wa buluu, mzito, ukaifunika barabara yote. Watu wa mwisho wa msafara wakaanza kukohoa ndani ya kanzu zao nyeupe. Kabla sijaona haya vizuri, injini ikaanza kupanda yenyewe. Mguu wangu haupo kwenye mafuta, nayo inapanda tu. Nikageuza ufunguo, haizimiki.

Nikatia gia ya juu, nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote, nikaachia klachi. Lori likaruka mruko mmoja, likazimika.

Nilikaa nimeushika usukani. Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Nilikuwa naziona zile nyumba mbili, na ile naam yangu.

Makame alikuja akaifungua turbo barabarani hapo hapo. Ndani oili imegeuka gaga jeusi, kama chini ya sufuria la halua iliyoungua. Shafti inacheza. Hapo oili ilikuwa inavuja na kuingia kwenye silinda, na injini ya dizeli ikishaanza kuunguza oili yake yenyewe haisikii ufunguo.

"Ungelichelewa kidogo," akasema, "injini ingelijila mpaka ikapasuka."

Injini ilipona. Turbo ikafa. Akanitafutia nyingine, na kwa siku zile ujenzi ulihudumiwa na lori la mtu mwingine.

Turbo ya pili ilikuwa ndio kwanza imefungwa, Ami akarudi.

Nilimpokea, shikamoo Ami, marahaba mwanangu, tukafika nyumbani. Lori liko nje, boneti liko wazi kwa sababu nilikuwa nakagua oili. Nikajipa moyo, miaka mingapi huyu haoni vizuri?

Wakuu, nilisahau alikuwa amekwenda Maskati kufanya nini.

Hatua kumi kutoka kwenye lori akasimama. "Lile bomba jipya la nini?"

Nikamweleza yote. Uroa, Makame, uongo wangu, msikiti, jeneza, moshi. Hakufoka. Heri angefoka.

"Nlikukataza nini mie?"

"Kuifungua injini, Ami."

"La. Nlikukataza kuifungua bila ya mie kujua. Ungelinambia, ningelisema mngoje nrudi. Ningelikaa na kiti changu pale kwa Makame ntazame. Miaka yote nnaendesha, sijapata kuona kitu hicho kikifungwa. Umeninyima."

Akanyoosha mkono. Nikampa ufunguo, akautia mfukoni mwa kanzu, akaingia ndani.

Siku nne lori halikuondoka. Siku nne hizo sikuweza hata kumtazama usoni, maana nilidhani nimeichezea mali yake, kumbe nilikuwa nimemnyima furaha. Hilo liliniuma zaidi.

Siku ya tano akaniita. "Pakia. Twende Kidichi."

Akanipa ufunguo wa safari hiyo tu, tukapanda. Alikuwa ametoa kichwa dirishani kama abiria wa mara ya kwanza, anasikiliza mluzi. Tukafika juu, Alasiri imeadhiniwa. Nikapunguza mwendo, nikaushika ufunguo. Nizime, nisizime?

"Pita," akasema Ami.

"Ami, sala..."

"Pita, nnakwambia. Enda polepole mpaka njia panda, geuza, rudi."

Nikaenda polepole, nikageuza, nikarudi. Injini haivuti kwa nguvu, turbo imepoa njiani. Nikazima mlangoni mwa msikiti, kimya, na bado tukaiwahi rakaa ya kwanza. Wiki sita nzima akili yangu haikufika hapo!

Akivua viatu akaniambia, "Msikiti hauhami, mwanangu."

Nikamuuliza, na nikikutana na jeneza?

"Kwa jeneza, zima hapo hapo. Turbo yanunuliwa."

Tulipotoka aliniambia ufunguo nibaki nao. Kazi ya Kidichi tumeipata tena, na bwana wa ng'ombe sasa ananisubiri njiani ili tu nimpigie honi.

Nilichojifunza: turbo ya kutumika inafanya kazi hata kwenye lori kuukuu, mradi boost iwe ndogo na iachwe ipoe. Na mwenye mali mshirikishe mapema. Huenda hofu yako ni kuwa atakataa, kumbe naye anatamani kuona.

Sasa naombeni msaada, maana nimebanwa. Tulipotoka msikitini siku ile, kabla hatujapanda lori, Ami alinishika bega akauliza, "Na ile ya Uroa, ya mkanda, nayo yataka kupozwa?" Nikasema sijui. Tangu hapo kila nikirudi kazini ananiuliza, na hiyo sijui yangu haitaki tena.

Wenye supercharger humu ndani, au mafundi mliowahi kuifunga, nielezeni. Safari hii mtakachoandika namsomea yeye kwanza. Ameshaweka kiti chake tayari.