Gitaa la Mzinga wa Babu

Niliporudi Njoro kwa likizo yangu ya kwanza ya chuo kikuu, katika miaka ile ya hamsini, nilijua kila kitu isipokuwa nyuki.

Dada yangu alikuwa anaolewa, nami nilikuwa nimeahidi kupiga gitaa harusini. Gitaa lenyewe sikuwa nalo. Mjomba, fundi wa mbao, aliinua macho ghalani, tukauona mzinga wa marehemu babu: gogo la mtarakwa lililotobolewa, kavu, jeusi kwa moshi wa miaka mingi.

Tulimwomba mama ruhusa. "Pasueni," alisema. "Lakini siku ya harusi niisikie sauti yake. Mzee hakuwahi kumwona mjukuu wake akiolewa."

Tukaupasua. Nusu moja ikawa tumbo la gitaa. Uso ukatoka kwenye sanduku la majani chai, nyuzi kwenye waya za breki za baiskeli. Kila randa ilipopita, harufu ya asali ilipanda, na alasiri ikawa nzito na ya dhahabu, tukifanya kazi kama watu walio usingizini.

Vanishi hatukuwa nayo. Mimi, msomi, nikashauri nta. Mjomba, mtoto wa mrina asali, akaipaka ndani na nje huku akipiga mluzi, tukalitundika gitaa mtini likauke. Kwetu hata mtoto anajua kwamba mzinga mpya hupakwa nta ili kuwaita nyuki. Sisi wawili tulikuwa tunawaza gitaa.

Walikuja kesho yake adhuhuri, wingu zima, wakaingia kwenye tundu mmoja mmoja, na gitaa likaanza kuvuma.

"Mjomba, fanya kitu!"

"Nifanye nini, profesa? Waambie kwa Kizungu."

Alikwenda kutafuta kitambaa cha kufukizia. Mama akamzuia mlangoni. "Ukiwasha hicho, nitakuwasha wewe."

"Na harusi kesho, mama? Nitapiga nini?"

"Kwani wewe hulisikii?"

Siku ya harusi wakwe waliketi mbali kidogo na ule mti. "Huyo ni baba yangu," mama aliwaambia. "Anawasalimu." Hakuna aliyecheka. Wote walikubaliana kwamba alipiga vizuri kuliko ambavyo ningepiga mimi, na walikuwa hawajanisikia.

Dada alisimama kwenye ukingo wa kivuli, gauni jeupe amelikusanya mkononi, akisikiliza. Wanakwaya walimwita mara mbili kabla hajageuka.