Bahasha Niliyoifungua Majanji

Siku yangu ya kwanza kwenye timu ya kukusanya damu, Tororo, nilikabidhiwa ufunguo wa gari na sanduku la baridi la kubebea damu. Msimamizi akaniambia, "Wewe endesha tu. Mambo ya damu tuachie." Shule niliishia darasa la nne, lakini kuambiwa "endesha tu" sijawahi kukubali.

Tukafika Kisoko. Watu wamejaa uwanja wa kanisa, kwenye kitanda cha kutolea damu hakuna mtu. Mmoja akasema tunakwenda kuuza damu yao Kenya. Nikavua koti, nikalala mimi. "Kama inauzwa, ianze ya dereva." Wakacheka, wakapanga foleni mpaka mifuko ikatuishia. Tangu hapo kazi ya kuita watu ikawa yangu.

Damu hupimwa kabla ya kupewa mgonjwa. Ikikutwa na virusi vya homa ya ini, hepatitisi B, inatupwa, na mwenyewe anaandikiwa majibu kwenye bahasha. Homa hiyo ilikuwa nyingi, baada ya kila safari maabara ilitupa majina. Lakini bahasha hazikuchukuliwa. Watu waliamini ni ukimwi, wakajificha, na huku nyumbani mke na watoto hawajachanjwa. Chanjo ipo.

Sijamaliza miezi miwili, Sista Mkuu wa timu akanipa bahasha yangu. "Damu yako ya Kisoko tumeitupa, dereva. Hepatitisi B."

"Mnanifukuza?"

"Nani kasema? Hutatoa damu tena, basi. Mlete mama watoto."

Akapimwa, mzima, wakachanjwa yeye na watoto wote.

Wiki hiyohiyo tukaenda Majanji, kwa wavuvi, na bahasha za waliotoa damu msimu uliopita. Nikapanda juu ya kreti ya samaki, nikaisoma yangu kwa sauti, neno moja moja, ndivyo ninavyosoma. Kisha mama mmoja muuza mputa, yaani sangara, akasema, "Kumbe ini bovu, na bado unapiga kelele hivyo?"

"Ndiyo, mama. Yako je, unaiogopa?"

Akafuta magamba mikononi. "Lete."

Ilikuwa homa ya ini, kama yangu. Alhamisi akatokea kliniki na watoto watano, amewapanga mstari kama askari. Nyuma yake, nusu ya Majanji. Sijawahi kufurahi kazini kama siku ile.

Sasa nimestaafu. Ini langu linapimwa, bado linafanya kazi kuliko vijana wengi. Nikipita soko la Busia, wananiita Bahasha. Naitika.