Kinda Niliyemtoa Kinamasini Nkome

Mtu akiniambia niliota, namuuliza: ndoto gani inamkuta mtu amesimama, viatu vimejaa tope, jua limeshachomoza? Niamini, nilikuwa macho.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa mhudumu wa ofisi ya maliasili, nimetumwa kuhesabu korongo taji katika kinamasi karibu na Nkome, kando ya ziwa, wale ndege warefu wenye manyoya ya dhahabu kichwani. Tulikuwa wawili, mimi na Masanja, mpiga kasia. Darubini moja, tunapokezana.

Sasa nikwambie nililomficha Masanja. Bosi wangu alitaka korongo wa kupamba ua wake. Siku Masanja alipokwenda mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, kununua dagaa, nilitega kitanzi nikanasa kinda mkubwa, taji lake halijaota sawasawa. Nikamfunga mabawa kwa kamba, nikamficha stoo kambini kungoja gari la ofisi. Mimi, niliyeajiriwa kuwalinda!

Kesho yake asubuhi tukaenda kusimama ukingoni kuhesabu kama kawaida.

"Kumi na wanane," alisema Masanja.

Nikachukua darubini. "Kumi na saba, na mwanamke."

"Mwanamke gani?"

Alikuwa katikati yao, mrefu, amejifunga shuka la kijivu, maji magotini. Ndege hawakushtuka. Wewe umewahi kuona korongo wanamvumilia mtu kwa hatua mbili? Mimi sijawahi. Nikashusha darubini nifute vioo. Nilipoinua macho alikuwa ukingoni, mbele yangu kabisa, shuka lake kavu.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia Kisukuma, maana alinizidi umri.

Hakuitikia. "Umetuhesabu wangapi?"

Niligeuka kuwatazama wale ndege.

"Hesabu vizuri. Mwanangu hakulala nyumbani."

"Unaongea na nani?" Masanja akaniuliza. Alikuwa ameshika kasia, karibu kiasi cha kunigusa.

Nilikimbia mpaka kambini, nikakata kamba. Yule kinda hakuruka. Alitoka kwa miguu, polepole, bawa la kushoto likiburuta chini, akaingia kwenye mafunjo. Sikumwona tena. Mchana gari lilipokuja, bosi akiwa ndani, nilimweleza yote, akanifukuza kazi palepale. Masanja naye, aliposikia, alikataa hata kunivusha kwa mtumbwi.

Leo naishi Mhunze, mbali na ziwa. Lakini kila alfajiri miguu yangu haitulii. Mara ngapi mke wangu, Mama Kabula, amenikuta barabarani peku, nimeelekea ziwani, mkono wa kushoto umening'inia kama si wangu? Nimepewa vidonge. Nimeombewa kanisani. Kwa waganga nako nimefika. Nalala kidogo, naamka, natembea.

Basi wewe unayekwenda kuangalia ndege, angalia mpaka macho yashibe, kisha uondoke mikono mitupu. Na kama umeshabeba, rudisha leo, usingoje kesho. Mimi nilichelewa usiku mmoja tu.